Mashine pepe nyepesi kwa amri za makontena: kinachobadilika na kisichobadilika

Swali: Timu yetu ina watu wanne na seva tatu za Linux. Wateja hutuletea programu walizoandika wenyewe, nasi huziendesha kwa dakika chache ndani ya makontena ya Docker na kuwarudishia matokeo. Mshauri wa usalama ametuambia kwamba kontena si ukuta wa kutosha baina ya mteja mmoja na mwingine, na kwamba tuhamie kwenye mashine pepe, yaani kompyuta nzima inayoigwa kwa programu. Hatutaki kurudia kazi ya kuandika mafaili marefu ya mipangilio ya XML na kusakinisha mfumo mzima kwa mkono. Tumesoma kuhusu Ignite, inayoendesha mashine pepe kwa amri zinazofanana na za Docker. Je, ni chaguo zuri? Ni kweli kwamba mashine hizo ni nyepesi kama kontena? Na hifadhidata yetu nayo tuihamishie huko?

Jibu: Mshauri wenu amesema kweli. Kontena, ukiliangalia kutoka upande wa kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), ni mchakato wa kawaida uliopewa mtazamo wake wa mafaili, mtandao na orodha ya michakato, kisha ukawekewa kikomo cha memori na prosesa. Makontena yote ya seva moja huongea na kerneli ileile. Kerneli hiyo ikiwa na tundu, tundu ni la wote. Mnamo Februari 2019 ilitangazwa kasoro CVE-2019-5736, iliyoliwezesha kontena lenye nia mbaya kuiandika upya runc, programu inayoanzisha makontena, iliyoko nje yake, kwenye seva yenyewe. Machi 2022 ikaja Dirty Pipe, CVE-2022-0847, ambayo ilikuwa ndani ya kerneli na ilimruhusu mtu asiye na mamlaka yoyote kubadilisha yaliyomo katika mafaili aliyoruhusiwa kuyasoma tu. Mtu anayeendesha programu zake mwenyewe huziba matundu kama hayo kwa kusasisha mapema na maisha yakaendelea. Ninyi mnapokea msimbo wa mtu msiyemjua na kuuendesha kwa hiari yenu, siku hadi siku, kwa hiyo muda uliopo kati ya kasoro kujulikana na ninyi kusasisha ni muda wa hatari halisi.

Katika mashine pepe, mgeni huja na kerneli yake. (Mafundi wa kazi hii huuita mfumo wa ndani mgeni na seva inayoubeba mwenyeji, nami nitawafuata, ingawa wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakipokea msimbo wa mtu wasiyemjua.) Mteja akiivunja kerneli ya mgeni bado yumo ndani ya mgeni. Ili atoke hana budi kuvunja ama KVM, kipande cha Linux kinachoendesha mashine pepe, ambayo imekuwa sehemu ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la Februari 2007, ama programu inayomwigia mgeni vifaa vya kompyuta. Hii ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi. QEMU, programu ya aina hiyo iliyo kongwe na yenye uwezo mkubwa, inaweza kuiga vifaa chungu nzima, na kila kifaa kinachoigwa ni msimbo ambao mgeni anaweza kuuchokoza. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa VENOM, CVE-2015-3456, na mahali ilipokaa ni kwenye kidhibiti cha disketi: kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa bado anakihitaji, lakini kilikuwepo.

Hapo ndipo wazo la mashine pepe nyepesi linapopata maana. Firecracker, programu nyingine ya aina hiyo iliyotolewa Novemba 2018 na AWS (tawi la Amazon la kukodisha kompyuta), imeandikwa kwa lugha ya Rust na chimbuko lake ni crosvm, programu ya Chromium OS. Ilipotoka ilikuwa na vifaa vichache mno: kadi ya mtandao, diski, koni ya maandishi, na kidhibiti cha kibodi ambacho kazi yake pekee ni kumwezesha mgeni kuizima mashine. Hakuna kadi ya picha, hakuna USB, hakuna disketi. Pembeni yake kuna programu nyingine iitwayo jailer, inayoifungia kila mashine katika saraka yake na kuipokonya mamlaka kabla haijaanza, ili hata mtu akitoka ndani ya mgeni ajikute katika chumba kingine kilichofungwa. AWS huitumia chini ya huduma yake ya Lambda, inayoendesha msimbo wa wateja kwa muda mfupi, kazi inayofanana sana na yenu.

Je, ni nyepesi kama kontena? Takwimu mlizozisoma bila shaka ni zile za nyaraka za Firecracker yenyewe: milisekunde 125 au pungufu tangu amri ya kuwasha hadi programu ya kwanza ya mgeni kuanza, chini ya MiB 5 za memori kama gharama ya kila mashine, na mashine hadi 150 kuanzishwa kwa sekunde moja kwenye seva moja. Ni za kweli, lakini zisomeni taratibu. Milisekunde 125 hupimwa kwa kerneli iliyopunguzwa, mfumo mdogo wa mafaili, na koni ikiwa imezimwa. Mkiweka ndani yake mfumo kamili wenye systemd (programu ya kuanzisha na kusimamia huduma) na huduma zake, mtazisubiri hizo huduma kama mnavyozisubiri kwenye seva yoyote. MiB 5 nazo ni gharama ya Firecracker yenyewe, si memori ya mgeni: kerneli ya mgeni, programu yake na kila kitu anachokihifadhi huhesabiwa kando.

Memori ndiyo inayowatesa watu wengi wanaotoka kwenye makontena, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Chukueni mashine yenye GB 2. Ndani yake endesheni kazi inayosoma mafaili mengi, kwa mfano kukompaili mradi mkubwa. Kazi ikiisha, mgeni akiulizwa kwa amri ya `free -m` atajibu kwa furaha kwamba memori nyingi inapatikana. Sasa tokeni nje, tafuteni nambari ya mchakato wa mashine hiyo kwa mwenyeji, na mtazame memori inayoikalia:

`ps -o rss= -p NAMBARI`

Mtaona karibu GB 2 zote. Hakuna aliyesema uongo. Mgeni ameachilia kurasa zake za memori ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mwenyeji hana njia ya kujua kwamba hazitumiki tena. Kwa kontena jambo hilo halitokei, kwa sababu akiba ya mafaili yaliyosomwa huwekwa na kerneli ileile moja, ambayo huitupa pale mwingine anapohitaji nafasi. Ipo dawa iitwayo puto, kifaa kinachovimba ndani ya mgeni na kumlazimisha arudishe memori, na Firecracker inacho, ila lazima pawepo mtu au programu ya kuamua lini livimbe na kwa kiasi gani. Kwa kazi zenu za dakika chache dawa ni nyepesi zaidi: mashine imalizapo kazi ya mteja izimwe, wala isipewe mteja wa pili. Memori yote hurudi kwa mwenyeji papo hapo, na usalama hupata faida kubwa kuliko memori, kwani mteja anayefuata hakuti masalia ya aliyetangulia. Jambo la kukumbuka katika hesabu ni kwamba seva ijazwe kwa kujumlisha kilele cha kila mashine, si wastani wake.

Sasa Ignite. Weaveworks iliitangaza Julai 2019, na kwa maoni yangu ilikuwa mojawapo ya kazi safi kabisa katika uwanja huu. Ilichukua imeji ya kawaida ya kontena (kifurushi cha mafaili yake), ikaigeuza kuwa diski ya mashine, ikaiwasha kwa Firecracker na kuiunganisha na mtandao kwa vifaa vilevile ambavyo makontena hutumia. Amri yake mtu wa Docker aliielewa bila mwalimu:

`ignite run weaveworks/ignite-ubuntu --cpus 2 --memory 1GB --ssh --name jaribio`

Kisha `ignite ps` kuona zinazoendelea, `ignite ssh jaribio` kuingia, `ignite rm` kufuta. Lakini mradi huo umefungwa na haupokei tena marekebisho, na kampuni yenyewe ilisitisha shughuli zake Februari 2024. Usomeni msimbo wake kama mnataka kujifunza jinsi vipande vinavyoungana. Msiweke juu yake kazi ya wateja. Ukuta wa usalama usio na mtu wa kuukarabati ni mbaya kuliko kontena linalosasishwa kila mwezi, na mshauri wenu, nina hakika, atakubaliana nami.

Kilichofanya Ignite ivutie bado kinafaa kueleweka, kwa kuwa kila chombo cha aina hii kinafanya vivyo hivyo. Imeji ya kontena ni mafaili tu: haina kerneli ndani yake, na mara nyingi haina hata programu ya kuanzisha na kusimamia huduma. Chombo cha mashine pepe lazima kijaze mapengo hayo mawili. Kerneli hutolewa na mwenyeji, kama faili lililo kando, na mgeni hana usemi juu yake. Hili huwachanganya watu kila mara: fundi anaingia ndani ya mashine, anasasisha kerneli kwa amri ya kawaida, anapata ujumbe kwamba imesakinishwa, anaiwasha upya, anaandika `uname -r`, na nambari ni ileile ya jana. Kwenye Firecracker anaweza asifike hata hapo, kwa kuwa mgeni akijiwasha upya mashine huzimika tu, na ni juu ya chombo kilicho nje kuianzisha tena. Vilevile kerneli hiyo ya nje huwa haina moduli (vipande vyake vya ziada) zinazolingana ndani ya imeji, kwa hiyo programu inayotaka moduli ya mtandao, mathalani mtu anayejaribu kuendesha Docker ndani ya mashine, hukwama kwa makosa yanayoonekana ya ajabu.

Matokeo yake kiutendaji ni haya: mkihamia kwenye mashine pepe mtakuwa na kerneli mbili za kusasisha, ya mwenyeji na ya wageni, na ile ya wageni haitasasishwa na mfumo wenu wa kawaida wa seva. Mpangieni mtu mmoja kazi hiyo kwa jina.

Kwa hali yenu mimi ningechagua Kata Containers. Mradi huu ulizaliwa Desemba 2017 kwa kuunganisha kazi mbili, Clear Containers ya Intel na runV ya Hyper, na toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2018. Unakaa chini ya chombo mnachokijua tayari: containerd, programu inayosimamia makontena chini ya Docker, humwomba runc aanzishe kontena, na Kata huchukua nafasi ya runc na kuanzisha mashine pepe, kisha kuliweka kontena ndani yake. Anayetoa amri haoni tofauti. Docker nayo, tangu toleo la 23.0, inakubali kiendeshaji cha aina hiyo, kwa hiyo jaribio lenu la kwanza linaweza kuwa dogo hivi:

`docker run --rm busybox uname -r`

`docker run --rm --runtime io.containerd.kata.v2 busybox uname -r`

Amri ya kwanza italeta nambari ya kerneli ya seva yenu. Ya pili italeta nambari nyingine, ya kerneli ya Kata. Nambari mbili zikifanana, hamjafika popote, hata kama kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Kabla ya hapo hakikisheni seva ina faili la `/dev/kvm`. Ikiwa seva zenu nazo ni mashine pepe za kukodi, huenda halipo, na hapo mtalazimika ama kumwomba mtoa huduma aruhusu mashine pepe ndani ya mashine pepe, jambo linalopunguza kasi, ama kukodi seva halisi.

Kata inaweza kutumia QEMU, Firecracker, au nyingine ya aina hiyo iitwayo Cloud Hypervisor. Najua jina la Firecracker ndilo lililowavuta, lakini anzeni na QEMU au Cloud Hypervisor. Sababu ni mafaili. Hizo mbili zinaweza kumpa mgeni saraka ya mwenyeji kupitia virtio-fs, ndiyo maana `-v` mliyoizoea, ya kulipa kontena saraka ya seva, huendelea kufanya kazi. Firecracker haina virtio-fs. Inajua diski tu, kwa hiyo lazima imeji zenu ziwekwe kwenye hifadhi inayotoa diski, ambayo kwa kawaida huwa devmapper (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi moja ya diski kuwa diski nyingi), na kila faili la kuingiza lipitie njia nyingine. Kwa timu ya watu wanne hiyo ni kazi ya wiki, si ya mchana mmoja.

Nina kovu langu kwenye devmapper. Hifadhi hiyo huziahidi mashine nafasi kubwa kuliko iliyopo, kwa matumaini kwamba hazitaitumia zote kwa pamoja. Usiku mmoja, katika seva niliyokuwa naiangalia, zilitumia. Bwawa, yaani nafasi ya diski wanayoichangia wote, lilipojaa, maandishi ya diski yalisimama, na kwa mipangilio ya kawaida kerneli huyasubirisha kwa sekunde 60 kabla ya kuanza kurudisha makosa. Baada ya sekunde hizo mifumo ya mafaili ya wageni wote ikajigeuza kuwa ya kusomwa tu, moja baada ya nyingine, wakati ndani ya kila mgeni amri ya `df` ilikuwa bado inaonyesha nafasi tele. Nilipoteza saa nzima nikitafuta kosa ndani ya wageni, kwa sababu huko ndiko makosa yalikokuwa yakionekana. Mkifika kwenye devmapper, kipimo cha kwanza kuwekewa kengele kiwe ujazo wa bwawa, tena kengele ilie kabla ya asilimia 80.

Mambo matatu zaidi kuhusu Kata, kwa ufupi. Kwanza, kwa mipangilio ya kawaida mashine huanza na MiB 2048 za memori, na kikomo mnachoweka kwenye kontena huongezwa juu ya hizo, hakizipunguzi. Kontena lenye kikomo cha MB 512 laweza kukalia zaidi ya GB 2 na nusu. Punguzeni kigezo cha `default_memory` katika faili la mipangilio kabla hamjaanza kuhesabu seva. Pili, mkija kutumia Kubernetes (mfumo wa kusimamia makontena kwenye seva nyingi), mashine pepe ni moja kwa podi nzima, yaani kundi la makontena yanayoendeshwa pamoja, hivyo makontena ya podi moja bado yanashiriki kerneli moja. Programu za wateja wawili zisikae kamwe ndani ya podi moja. Tatu, Kata haiwezi kutumia mtandao wa mwenyeji moja kwa moja, kwa hiyo mkiwa na mahali penye `--net=host` pabadilisheni mapema.

Kuna ushauri wa usalama ambao huachwa kwa sababu unagusa utendaji. Tangu Januari 2018, kasoro ya prosesa iitwayo Spectre ilipotangazwa, tumejua kwamba siri zinaweza kuvuja baina ya wageni wanaoshiriki prosesa, ukuta wa mashine pepe ukiwa mzima. Nyaraka za Firecracker kuhusu seva za kazi halisi zinashauri kuzima nyuzi pacha za prosesa (kiini kimoja kufanya kazi kama viwili), kuzima uunganishaji wa kurasa za memori zinazofanana, na kuzima swopu (kuhamishia memori kwenye diski). La kwanza litawapunguzia uwezo wa kuendesha kazi nyingi, na watu hulikwepa. Ninyi, kwa aina ya kazi mnayoifanya, ningewashauri mlikubali, au angalau kila mteja awe na kiini chake kizima cha prosesa, pamoja na nyuzi zake zote mbili, wakati kazi yake inaendelea.

Huenda baadaye mtatamani kupunguza muda wa kuwasha kwa kuhifadhi hali ya mashine iliyokwisha amka na kuianzisha mara nyingi kutoka hapo. Firecracker inaweza, na kasi yake inafurahisha. Ila fikirini kinachonakiliwa: memori yote, pamoja na hali ya kizalishaji cha nambari nasibu. Mashine mbili zilizoamshwa kutoka nakala moja zinaweza kutoa funguo za siri zinazofanana. Kerneli ya Linux tangu toleo la 5.18 inaweza kuarifiwa kwamba imenakiliwa na ikajichanganya upya, lakini programu iliyokuwa tayari imeweka mbegu yake yenyewe haiarifiwi. Saa ya mgeni nayo huamka ikidhani bado ni wakati ule wa kunakiliwa. Msiiguse njia hii mpaka milisekunde zinazookolewa ziwe na thamani ya kuzihangaikia, na kwa kazi ya dakika kadhaa sidhani zitakuwa nayo.

Inabaki hifadhidata, nayo nawashauri msiihamishie huko. Ni programu yenu wenyewe, mnaiamini, inaishi miezi mingi, inataka memori kubwa ya kudumu na diski inayojulikana ilipo. Karibu kila sifa inayofanya mashine nyepesi ziwafae wateja wenu haina faida kwake. Firecracker haiwezi hata kumhamisha mgeni kutoka seva moja kwenda nyingine akiwa anaendelea na kazi. Kama mnataka kuitenga na seva zinazopokea msimbo wa wageni, na mnapaswa kuitenga, ipeni mashine pepe kamili. Kwa amri zisizo na XML jaribuni Incus, mradi uliochipuka Agosti 2023 kutoka LXD, chombo kingine cha aina hiyo, ambao husimamia makontena na mashine pepe kwa msamiati mmoja:

`incus launch images:debian/12 hifadhidata --vm -c limits.cpu=4 -c limits.memory=8GiB`

Ukiondoa `--vm` unapata kontena la mfumo, ukiiweka unapata mashine inayoendeshwa na QEMU, na amri za `incus exec`, `incus list` na `incus snapshot` hufanya kazi kwa zote mbili. Huchukua sekunde kadhaa kuamka, na hifadhidata inayowashwa mara moja kwa miezi haitazihisi. Iwekeni kwenye seva ya tatu, na msimbo wa wateja ubaki kwenye mbili za kwanza.